Wafungwa, bangili na tarakilishi: Suicide Squad ilitoka wapi?

Nimepotea kidogo, najua. Kazini nilikabidhiwa programu kuukuu ambayo mwandishi wake aliondoka zamani bila kuacha maelezo hata ya mstari mmoja, nikaambiwa niifufue. Siku tatu nzima nilikuwa nikisoma msimbo wa mtu nisiyemjua, nikimlaani asubuhi na kumsifu jioni. Usiku, ili kupumzisha akili, nikarudia majarida yangu ya katuni ya zamani, yale niliyokuwa nikiyaokota kwenye vibanda vya "inama" katikati ya jiji la Nairobi, mengine hayana majalada, mengine hayana mwisho. Ndipo nikagundua kwamba hadithi niliyokuwa nikiisoma nayo ilikuwa programu kuukuu iliyofufuliwa na mtu mwingine.

Nazungumzia Suicide Squad. Wengi wenu mnaijua kwa sababu ya filamu: wahalifu wenye nguvu za ajabu wanatolewa gerezani, wanavishwa kitu kinachoweza kulipuka, wanatumwa vitani. Anayerudi hai anapunguziwa kifungo. Anayekufa, serikali inamruka futi mia moja. Lakini kikosi hiki hakikuanza hivyo hata kidogo, na historia yake inaeleza mambo ambayo filamu hazikugusa.

Turudi 1959. Kampuni ya DC ilikuwa na jarida lililoitwa The Brave and the Bold, ambalo walilitumia kufanyia majaribio. Sisi watu wa programu tungeliita toleo la beta. Wazo jipya lilipewa matoleo matatu hivi. Wasomaji wakilipenda, linapata jarida lake lenyewe. Katika toleo la 25, mwandishi Robert Kanigher na mchoraji Ross Andru walileta kikosi cha watu wanne: Kanali Rick Flag, muuguzi Karin Grace, na wanasayansi wawili, Hugh Evans na Jess Bright. Hakuna mhalifu hapo. Hakuna hata mwenye nguvu za ajabu. Walikuwa watu wa kawaida waliotumwa na serikali kupambana na majitu na maajabu ya kila aina, na kila mmoja wao alikuwa amewahi kunusurika pale wenzake walipokufa. Waliishi kana kwamba wanawadai wafu deni. Jina la kujitoa mhanga lilitoka hapo.

Kanigher alikuwa fundi wa hadithi za vita. Ndiye pamoja na Joe Kubert waliotuletea Sajini Rock, mwanajeshi wa miguu ambaye hana kingine ila matope na uchovu. Kwa hiyo kikosi chake kilikuwa na harufu ya kambi ya jeshi kuliko ya majagina. Wala hakuwa wa kwanza kuchanganya jeshi na katuni. Blackhawk na marubani wake walianza mwaka 1941 katika jarida ambalo jina lake lenyewe lilikuwa Military Comics, na Captain America alikuwa tayari amempiga Hitler ngumi ya taya kwenye jalada lake la kwanza, kabla Marekani haijaingia vitani. Hao wote walikuwa watu wazuri waliopigana na watu wabaya. Hesabu ilikuwa rahisi.

Majaribio ya 1959 yalishindwa. Matoleo ya 25, 26 na 27 yakapita. Na katika toleo la 28, mapema 1960, DC wakajaribu kitu kingine kwenye jarida lile lile: Justice League of America. Hiyo ikapaa kama tiara. Suicide Squad wakapewa nafasi nyingine tena mwaka 1961, matoleo ya 37 hadi 39, na bado wasomaji wakawapita kama matatu iliyojaa. Mradi ukawekwa kabatini.

Kabla hatujaendelea, jiulize: kwa nini Kanigher hakutumia wahalifu tangu mwanzo? Jibu moja ni kwamba asingeruhusiwa. Mwaka 1954, baada ya Baraza la Seneti la Marekani kuwahoji wachapishaji kuhusu madhara ya katuni kwa watoto, kampuni zilijiwekea kanuni kali. Mhalifu hakutakiwa kuonyeshwa kwa namna ya kumfanya msomaji amhurumie. Uovu ulitakiwa kushindwa kila mara. Serikali, polisi na majaji hawakutakiwa kudharauliwa. Sasa mweke Waziri wa serikali akimkodisha muuaji wa kulipwa kisha anamkana. Jarida lisingefika kwenye duka. Kanuni hizo zililegezwa kidogo 1971, na kufikia miaka ya 1980 katuni nyingi ziliuzwa katika maduka maalumu ambako wanunuzi walikuwa vijana na watu wazima, si watoto wa shule.

Katikati hapo kulitokea kitu kingine, tena kwenye sinema. Mwaka 1967 ilitoka filamu The Dirty Dozen, ikiongozwa na Robert Aldrich. Wanajeshi wafungwa kumi na wawili, baadhi yao wamehukumiwa kunyongwa, wanafunzwa na kutumwa kuua maafisa wa Kijerumani. Karibu wote wanakufa.

Haya, sasa tunafika kwa John Ostrander. Huyu ni mtu wa Chicago aliyetokea kwenye michezo ya kuigiza, akaingia katuni mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alitaka kuandika kikosi kingine cha zamani cha DC, lakini kilikuwa kimeshachukuliwa. Mhariri Robert Greenberger akamtolea jina kutoka kabatini: Suicide Squad. Ostrander hakulipenda. Kwani ni nani mwenye akili timamu atakayejiunga na kikosi chenye jina la namna hiyo? Kisha akapata jibu lililojenga kila kitu: mtu asiye na chaguo. Mfungwa.

Hapo ndipo nilipoweka jarida chini nikacheka peke yangu. Ni kile kile nilichokuwa nakifanya kazini! Unapewa jina la faili usilolitaka, unalifungua kwa kinyongo, na hitilafu iliyokuudhi ndiyo inayokuonyesha programu inapaswa kufanya nini.

Na Ostrander hakuufuta msimbo wa zamani. Kikosi chake kipya kilionekana kwanza katika mfululizo wa Legends, toleo la 3, mwanzoni mwa 1987, na jarida lake lenyewe likaanza na toleo la Mei 1987 likichorwa na Luke McDonnell. Mwezi huo huo, katika Secret Origins toleo la 14, aliwaeleza wasomaji uhusiano wa vyote. Wale wanne wa 1959 walikuwepo kweli. Wanasayansi wawili walikufa. Rick Flag alibaki na hatia moyoni, na sasa ndiye aliyepewa kazi ya kuwachunga wauaji. Mwanajeshi aliyeamini bendera anapewa kikosi kisichostahili bendera. Hakuna kilichotupwa.

Aliyemwajiri Flag ni Amanda Waller, na kwangu huyu ndiye uvumbuzi mkubwa kuliko wote. Mama Mwafrika-Mmarekani, mnene, mjane, wa umri wa makamo, kutoka mtaa wa nyumba za umma wa Cabrini-Green, Chicago. Uhalifu ulimnyang'anya mwana, binti na mume. Akasoma, akaingia siasa, akalikuta faili la mradi wa zamani na kulipeleka hadi kwa Rais, ambaye kwenye kurasa hizo ni Ronald Reagan mwenyewe, amechorwa waziwazi. Hana nguvu za ajabu. Hajui karate. Katika toleo la 10 Batman anaingia gerezani kwa siri kuuchunguza mradi wake, na Waller anamfukuza bila kurusha hata ngumi: alama zake za vidole anazo, na akitaka kujua sura iliyo nyuma ya kinyago itakuwa ni suala la kutafuta kwenye kumbukumbu tu. Batman anaondoka. Mimi hadi leo sijaona mtu mwingine akimshinda Batman kwa tishio la kutafuta kwenye hifadhidata.

Wahalifu wenyewe walikuwa wale wa daraja la pili ambao hakuna mhariri aliyewalilia. Deadshot, mlenga shabaha aliyeanza 1950 kama adui wa Batman kisha akasahaulika. Captain Boomerang, Mwaustralia mbea anayerusha vibao vinavyorudi. Bronze Tiger, bingwa wa mapigano ya mikono. Kwa kuwa hawakuwa na thamani sokoni, Ostrander aliweza kuwaua kweli, na aliwaua. Katika safari yao ya kwanza kabisa mmoja alikufa, jitu liitwalo Blockbuster.

Kuwazuia wasitoroke, walifungwa bangili yenye baruti. Ukienda mbali na kiongozi, inalipuka. Katika toleo la 9 jamaa mmoja aitwaye Slipknot anamuuliza Boomerang kama bangili hizo ni za kweli. Boomerang, ambaye naye alitaka kujua bila kujihatarisha, anamwambia ni vitisho tu. Slipknot anakimbia. Anapoteza mkono. Kila timu ina Boomerang wake, yule anayekwambia bonyeza tu hakuna neno, huku amesimama hatua tatu nyuma yako.

Sasa naomba tutoke kwenye katuni kidogo, maana hapa ndipo penye uzito. Watu husema wazo hili ni njozi tupu: serikali gani itaajiri majambazi kwa siri? Jibu liko kwenye ripoti ya serikali yenyewe. Mwaka 1975 kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church ilichunguza njama za shirika la ujasusi la CIA za kuua viongozi wa nchi za nje. Ilithibitisha kwamba shirika liliwaendea wakubwa wa mafia wamuue Fidel Castro. Na ilieleza kuhusu Kongo.

Mwaka 1960 CIA walitaka Patrice Lumumba aondolewe. Mwanakemia wao, Sidney Gottlieb, alipeleka sumu hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo. Kisha wakatumwa majasusi wawili wanaotajwa kwenye ripoti kwa majina ya siri tu. Wa kwanza, QJ/WIN, alikuwa mgeni mwenye rekodi ya uhalifu aliyeajiriwa Ulaya. Wa pili, WI/ROGUE, alikuwa mamluki asiye na nchi, mghushi wa nyaraka na mwizi wa benki wa zamani. Kabla ya kutumwa alifanyiwa upasuaji wa kubadili sura na kuvishwa nywele za bandia, Wazungu waliopita Kongo wasije wakamtambua. Alipofika, WI/ROGUE akaanza kutafuta watu wa kuunda kikosi cha mauaji. Mmoja wa watu aliowaendea, akamwahidi mshahara wa dola 300 kwa mwezi, alikuwa QJ/WIN. Hakujua kwamba wote wawili wana mwajiri mmoja!

Soma tena hapo. Siri ilikuwa nene kiasi kwamba kikosi kilikuwa kikijiajiri chenyewe. Kamati haikupata ushahidi kwamba hao wawili ndio waliomuua Lumumba. Aliuawa tarehe 17 Januari 1961 huko Katanga, nje ya mji tunaouita leo Lubumbashi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, mikononi mwa mahasimu wake wa Kikongo na maafisa wa Kibelgiji. Ubelgiji ilirudisha jino lake, mabaki pekee yanayojulikana, mwezi Juni 2022.

Sisemi Ostrander aliitoa hadithi yake kwenye ripoti hiyo. Nasema alipoandika, wasomaji wake hawakuhitaji kuelezwa kwamba serikali inaweza kuwa na mkono usioonekana. Mei 1987, mwezi ulio kwenye jalada la toleo la kwanza, ndio mwezi Bunge la Marekani lilipoanza vikao vya hadharani kuhusu kashfa ya Iran-Contra: silaha ziliuzwa Iran kwa siri, na sehemu ya fedha ikapelekwa kwa waasi wa Nikaragua ambao Bunge lilikataza wasisaidiwe. Ungeweza kuzima televisheni ukafungua jarida bila kubadili mada.

Wala wafungwa vitani si hadithi ya Marekani peke yake. Muungano wa Kisovieti ulipeleka zaidi ya watu 400,000 katika vikosi vya adhabu kuanzia 1942. Na mwaka 2022 kundi la Wagner lilizunguka magereza ya Urusi likiahidi msamaha kwa atakayepigana Ukraine miezi sita akabaki hai. Bangili hazikuhitajika.

Turudi kwenye jarida, maana kilele chake kinalingana kabisa na kisa cha Léopoldville. Katika matoleo ya 21 na 22, Seneta aitwaye Cray anataka kuitumia siri ya kikosi ili achaguliwe tena. Waller analimaliza suala hilo kimya kimya, kwa kumtishia Seneta naye. Lakini hamwambii Rick Flag. Flag, akiamini kikosi kinakaribia kufichuliwa, anaenda kumuua Cray. Waller akishtuka anamtuma Deadshot na amri: mzuie Flag asimuue Seneta, kwa njia yoyote. Deadshot anawakuta wote wawili. Anainua silaha. Anampiga risasi Seneta.

Amri imetekelezwa. Flag hakumuua Seneta.

Nyinyi mnaoandika programu mmeshaelewa. Mteja anakwambia ujumbe wa kosa usionekane tena kwenye skrini, nawe unaufuta ujumbe na kuliacha kosa. Mashine haifanyi unachotaka, inafanya ulichosema. Waller alijenga kikosi cha watu watiifu kwa kulazimishwa, na mtu wa namna hiyo hana sababu ya kufikiria nia ya anayemtuma. Na chanzo cha yote hakikuwa uovu wa wahalifu. Ilikuwa taarifa moja ambayo mkubwa hakumpa msaidizi wake, kwa sababu kazi yote imejengwa juu ya kufichana. Kikosi kikaanikwa hadharani.

Mara tu baada ya hapo, toleo la 23, Januari 1989, kuna jambo dogo ambalo wengi walilipita. Mtu asiyejulikana anawasiliana na kikosi kupitia tarakilishi na kujitolea kuwasaidia. Jina: Oracle. Hapana, si ile kampuni ya hifadhidata. Hakuna sura, ni maandishi tu. Wasomaji walisubiri hadi toleo la 38, mwaka 1990, kuambiwa ni nani.

Alikuwa Barbara Gordon, aliyekuwa Batgirl. Mwaka 1988, katika The Killing Joke ya Alan Moore na Brian Bolland, Joker alimpiga risasi akapooza miguu, na hadithi hiyo ikamwacha pale sakafuni kana kwamba kazi yake ilikuwa kuumia ili wanaume wahuzunike. DC hawakuwa na mpango naye. Ostrander na mkewe Kim Yale, naye mwandishi, waliudhika. Wakamchukua. Wakakumbuka kwamba tangu 1967 Barbara alikuwa mkutubi, mwanamke ambaye kazi yake ni kupanga na kutafuta habari, wakamweka kwenye kiti cha magurudumu mbele ya skrini.

Kumbuka miaka yenyewe. Mtandao wa wavuti haukuwepo. Tim Berners-Lee aliwasilisha pendekezo lake la kwanza Machi 1989, miezi miwili baada ya tarehe iliyo kwenye jalada la toleo hilo. Mdudu wa Morris alikuwa ndio kwanza ameziangusha maelfu ya tarakilishi Novemba 1988. Picha ya mtaalamu wa tarakilishi kwenye hadithi nyingi ilikuwa kijana wa kiume aliyejifungia chumbani. Hawa wawili wakasema ni mkutubi mwenye ulemavu, na kwamba anahitajika kuliko mwenye bunduki. Yale alifariki 1997, mwaka mmoja baada ya wao kuandika pamoja kisa cha jinsi Barbara alivyojijenga upya.

Jarida lilifika toleo la 66 mwaka 1992 likafungwa. Filamu ya 2016, iliyoongozwa na David Ayer, ilimpa Viola Davis nafasi ya Waller, na baruti ikahama kutoka mkononi hadi shingoni, ikiendeshwa kwa simu. Slipknot yumo. Boomerang anamdanganya vile vile. Safari hii haikuwa mkono. Filamu yenyewe, kusema kweli, ina kelele nyingi kuliko maana, ingawa ilipata Oscar ya vipodozi na nywele.

Ya 2021, ya James Gunn, ndiyo iliyonikumbusha yale majarida. Waller anataka kuua kikosi kilichokataa amri yake. Wanaomwangusha si majagina. Ni wafanyakazi wake wa ofisini, wale wanaokaa mbele ya skrini kufuatilia ramani na kamera. Mmoja anamtwanga kichwani kwa fimbo ya gofu. Na wafungwa wanapata uhuru wao kwa sababu mmoja wao anayo diski yenye siri za serikali, na nakala imeshahifadhiwa mahali.

Ukitaka kuanza kusoma, tafuta mkusanyo uitwao Trial by Fire: una matoleo 8 ya kwanza pamoja na Secret Origins ya 14, ile yenye Reagan. Toleo la 22 liko mbele kidogo. Mimi narudi kwenye programu yangu kuukuu. Jana nimepata ndani yake sehemu iliyoandikwa "usiguse hapa", na bado sijui kama ni bangili ya kweli.